Namna ya kusimuleti majimaji yenye chembe zinazovutana zikiwa karibu na kusukumana zikiwa mbali, kwa laptopu ya kawaida tu

Hii naiandikia zaidi wanafunzi wa fizikia na kemia hapa Dodoma, wale wa UDOM na hata wale waliomaliza wako mtaani na laptopu yao, maana mada hii watu wanaiogopa bure wakidhani lazima uwe na kompyuta kubwa ya mamilioni. Si kweli. Core nne zinatosha kupata matokeo ya maana, ila inabidi ujue wapi mambo haya yanadanganya, na yanadanganya sana, yaani boksi (ile nafasi ya kubuni ndani ya kompyuta unamoweka chembe) linaweza kukuonyesha picha nzuri kabisa ambayo haina ukweli wowote ndani yake.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Una chembe, mfano protini au koloidi (vipande vidogo sana vinavyoelea bila kuyeyuka), ziko kwenye maji. Zikikaribiana sana zinavutana, labda kwa sababu kuna polima ndogo ndogo pembeni zinazozibana (hiyo nadharia ni ya Asakura na Oosawa, 1954) au kwa sababu nyingine za masafa mafupi. Zikiwa mbali kidogo zinasukumana kwa sababu zote zina chaji ya aina moja. Sasa mvutano peke yake ungezifanya zijikusanye zote donge moja, msukumano peke yake ungezitawanya, vikiwepo vyote viwili zinaamua kitu cha katikati: zinatengeneza vikundi vyenye ukubwa fulani, kikundi kikizidi hapo chembe mpya anayetaka kuingia anasukumwa na wote waliomo. Ukiongeza msongamano unapata nguzo, halafu ule mtandao wa jairoidi (mirija iliyoungana pande zote), halafu matabaka. Zhuang, Zhang na Charbonneau mwaka 2016 waliupata huo mpangilio kwa simulesheni kamili, na kilichowapa kazi ilikuwa hasa hiki nitakachoeleza chini, kuhakikisha kwamba kilichotokea ni msawazo wa kweli, yaani hali ambayo mfumo wenyewe unaitaka, siyo uliyokwama nayo.

Kabla ya kugusa kompyuta, fikiria chumvi. Masafa ya msukumano yanapangwa na chumvi iliyomo kwenye maji. Kwa chumvi ya kawaida ya mezani urefu wa Debye (umbali ambao msukumano wa chaji unafika kabla ya kufifia) ni 0.304 gawanya kwa kipeuo cha pili cha kiasi cha chumvi kwa moli kwa lita, jibu linatoka kwa nanomita. Chumvi ya 0.001 inakupa kama nanomita 9.6, chumvi ya 0.1 inakupa 0.96 tu. Na kalsiamu inahesabika mara nne kwa sababu chaji yake ni mbili na inapigwa kipeo. Kwa sisi wa huku hili si jambo la vitabuni, maji ya visima vingi hapa Dodoma yana chumvi, birika lako nyumbani linashika ukoko mweupe ndani, kwahiyo ukichanganya koloidi zako kwa maji ya bomba badala ya maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, msukumano wako unakatika mapema na chembe zinagandana zote. Kwenye simulesheni hicho kitu ni namba moja tu inaitwa kappa (moja gawanya kwa urefu wa Debye), lakini ujue inasimamia nini, usiichague kwa sababu imependeza.

Haya, potensho yenyewe, yaani kanuni ya nishati kati ya chembe mbili kulingana na umbali wao. Iko mingi, ila ya kuanzia nakushauri hii: mvutano wa 100-50 (ni Lennard-Jones, ile kanuni maarufu ya mvutano wa chembe, lakini badala ya vipeo 12 na 6 unaweka 100 na 50, shimo, yaani pale nishati iko chini kabisa na chembe zinashikana, linakuwa jembamba sana) jumlisha Yukawa, kanuni ya msukumano wa chaji unaofifia kwa umbali. Programu ni LAMMPS, ya bure, kwenye Ubuntu unaiweka kwa apt bila kumaliza bando. Faili lenyewe liko hivi:

units lj
atom_style atomic
lattice sc 0.1
region boksi block 0 12 0 12 0 12
create_box 1 boksi
create_atoms 1 box
mass 1 1.0
pair_style hybrid/overlay mie/cut 1.5 yukawa 0.5 8.0
pair_coeff 1 1 mie/cut 1.0 1.0 100 50
pair_coeff 1 1 yukawa 0.2
pair_modify shift yes
velocity all create 1.0 4821
fix 1 all nve
fix 2 all langevin 1.0 0.25 1.0 9137
timestep 0.0005
compute k all cluster/atom 1.1
dump 1 all custom 20000 vikundi.dump id x y z c_k
thermo 10000
restart 100000 a.rst b.rst
run 4000000

Hapo una chembe 1728, msongamano 0.1, upande wa boksi unatoka kama 25.9 ukipima kwa kipenyo cha chembe. Joto, ambalo hapa linapimwa kwa kina cha shimo siyo kwa nyuzi, linaanza 1.0 linashuka polepole mpaka 0.25. Ule mstari wa restart usiufute, umeme ukikatika saa nane usiku unaendelea ulipoishia, programu inaandika kwenye a.rst na b.rst kwa zamu kwahiyo hata moja likiharibika katikati ya kuandikwa lingine lipo. Iache ikimbie usiku, Dodoma usiku kuna kabaridi na laptopu haichemki, mchana wa mwezi wa kumi na moja ile feni inalia na kasi inashuka yenyewe.

Kuhusu ile 0.0005 kwenye hatua ya muda, usije ukaweka 0.005 kwa vile umeiona kwenye mfano wa Lennard-Jones ya kawaida. Shimo la 100-50 ni jembamba, ukipiga hesabu ya ukali wa kona yake chini kabisa unakuta chembe mbili zilizoshikana zinatetemeka kwa kipindi cha kama 0.064 wakati za 12-6 ni kama 0.59. Karibu mara tisa haraka zaidi. Kwahiyo hatua nayo inapungua kwa kiasi hicho hicho. Ukilazimisha hatua kubwa haitalipuka lazima, hilo ndo tatizo, thermostati (ile langevin kwenye faili, inayoshikilia joto) inafunika uharibifu, joto linaonekana sawa lakini chembe zinaruka shimo na vikundi vinatoka vidogo kuliko ilivyo kweli. Kupima ni rahisi: zima langevin, acha nve (mwendo wa kawaida bila kudhibiti joto) peke yake kwa muda mfupi, angalia jumla ya nishati. Ikipanda au kushuka mfululizo punguza hatua.

Joto gani sasa? Watu wanabahatisha tu hapa, lakini kuna njia. Chukua mvutano peke yake, sahau Yukawa, piga hesabu ya kile kigezo cha pili cha viriali (namba moja inayojumlisha mvutano na msukumano kati ya chembe mbili) ukigawanye na cha mipira migumu ya saizi hiyo hiyo. Noro na Frenkel mwaka 2000 walionyesha kwamba kwa mivutano ya masafa mafupi umbo la shimo halina maana sana, namba hii ndo inaamua karibu kila kitu, na mvuke na kimiminika vinaanza kutengana ikifika kama hasi 1.5. Kwa 100-50 hesabu inaangukia karibu na joto 0.27. Na kwa mifumo yenye msukumano juu yake, vikundi vinaanza kuonekana humo humo ndani ya eneo ambalo mvutano peke yake ungetenganisha. Ndo maana nimeweka 0.25 pale kwenye faili. Ukitaka kubadilisha potensho, fanya integrali hiyo kwanza kwa mistari mitano ya Python, utaokoa usiku mwingi wa kukimbiza joto ambalo halina chochote.

Umbali wa kukatia Yukawa nimeweka 8. Pale thamani yake imebaki chini ya elfu moja ya shimo, inaonekana ndogo, lakini kumbuka kila chembe ina majirani zaidi ya mia mbili ndani ya duara hilo na wengine wengi zaidi nje yake, vidogo vidogo vinajumlika. Kwahiyo rudia mara moja na 10 ulinganishe nishati na ukubwa wa vikundi, visipobadilika rudi 8. Vikibadilika basi kaa na 10 hata kama inachelewa. Hapa hakuna cha kupunja, kwa sababu ukubwa wa kikundi unaamuliwa na mkia wa msukumano, ukiukata mapema unakuwa umebadilisha fizikia yenyewe siyo umeharakisha tu.

Sasa tufike penyewe. Simulesheni imeisha, umefungua OVITO (programu ya kutazama chembe), unaona vikundi vizuri vya duara vimesambaa boksini, unapiga picha unataka kuiweka kwenye tasnifu. Subiri.

Swali la kwanza ni je vikundi hivi ndivyo vilivyotaka kuwa, au vimekwama tu. Kwa joto la chini chembe iliyoingia kwenye kikundi imeshikwa na majirani sita, saba, kutoka inahitaji kuvunja vifungo vyote hivyo, inatikisika tu pale pale kama ng'ombe kwenye tope la korongo, mguu hautoki. Vikundi navyo vikishajichaji vinasukumana, haviungani. Kwahiyo kila kitu kinasimama na grafu ya nishati inalala sawa kabisa, na mtu anasema imefika msawazo. Nishati kulala sawa haithibitishi kitu kwenye mifumo hii. Narudia tena kwa sababu hili ndilo naliona likiharibu kazi za watu kuliko yote: mstari ulionyooka wa nishati unaweza kuwa ni msawazo au ni kukwama, na kwa macho huwezi kutofautisha.

Dawa ni kuja kutoka pande mbili. Mbio ya kwanza ni ile ya faili letu hapo juu, kutoka joto kali chembe zikiwa zimetawanyika, unashuka. Mbio ya pili unaanza na donge. Kulitengeneza ni rahisi, chukua chembe zile zile 1728 kwenye boksi lile lile, weka namba ya Yukawa kwenye pair_coeff iwe 0.0, endesha kwa joto kama 0.25, msukumano haupo kwahiyo zinakusanyika kuwa madonge makubwa, hata zisipokuwa donge moja si kitu. Hifadhi hali hiyo. Halafu rudisha 0.2 na uendeshe kwa joto lile unalotaka kulipima. Donge litaanza kuvunjika. Sasa linganisha mbio mbili: nishati kwa chembe, na mgawanyo wa ukubwa wa vikundi. Ya kwanza inakua kutoka chini, ya pili inapungua kutoka juu, zikikutana katikati ndani ya makosa ya vipimo hapo una haki ya kusema msawazo. Zisipokutana, ukweli uko mahali fulani kati ya hizo mbili na hujui wapi, na hiyo nayo ni taarifa, iandike hivyo hivyo.

Makosa ya vipimo usiyapate kwa kuchukua kila fremu kama kipimo huru. Fremu zinazofuatana zinafanana. Kata mbio yako vipande kama nane virefu, chukua wastani wa kila kipande, tofauti kati ya wastani hizo ndo inakupa kosa.

Zikigoma kukutana una njia mbili nzuri. Moja ni kubadilishana joto: unaendesha nakala kadhaa za boksi moja kwenye joto tofauti, 0.25, 0.27, 0.30, 0.33 na kuendelea, na kila baada ya muda unajaribu kubadilishana hali kati ya jirani na jirani, wazo la Swendsen na Wang la 1986. Iliyokwama inapandishwa kwenye joto inalegea inarudi chini. LAMMPS ina amri ya temper kwa kazi hii. Joto zisiachane sana la sivyo mabadilishano yote yanakataliwa, angalia kwamba angalau moja kati ya tano inakubaliwa. Njia ya pili ni Monte Carlo yenye miondoko ya kikundi kizima, na hii mi naipenda zaidi kwa msongamano mdogo, lakini itabidi uandike programu yako.

Ya Monte Carlo kwa kifupi: unachagua chembe kwa bahati nasibu, unaisogeza kidogo, nishati ikishuka unakubali, ikipanda unakubali kwa uwezekano wa e kipeo cha hasi tofauti ya nishati gawanya kwa joto. Ndo ile ile ya Metropolis na wenzake ya 1953. Tatizo ni kwamba kusogeza chembe moja moja hakusogezi kikundi, kikundi chote kinabaki palepale. Kwahiyo unaongeza mwondoko mwingine: chagua kikundi kizima, kisogeze chote kwa pamoja. Sasa sheria moja muhimu sana, kama baada ya kusogea kikundi kimegusana na kikundi kingine, yaani kimekuwa kikubwa zaidi, lazima ukatae. Sababu ni kwamba mwondoko wa kurudi hauwezekani tena, ukichagua tena kikundi pale utachukua vyote viwili, na mizani ya kwenda na kurudi inavunjika na matokeo yako yanaegemea upande wa vikundi vikubwa. Kuungana na kuachana kwa vikundi waachie miondoko ya chembe moja moja. Kuna njia za kisasa zaidi, ile ya Whitelam na Geissler ya 2007 inajenga kikundi wakati wa kusogea kwa kufuata nguvu zenyewe, ni nzuri mno lakini anza na hii rahisi kwanza uielewe.

Swali la pili: je ni vikundi kweli? Hapa kuna historia ambayo kila anayefanya mada hii aijue. Mwaka 2004 Stradner na wenzake walichapisha kwenye Nature kwamba protini ya lisozaimu kwenye maji yenye chumvi kidogo inatengeneza vikundi vya msawazo, ushahidi ukiwa ni kilima kwenye grafu ya mtawanyo wa mionzi, ile S(k), mahali ambapo k ni ndogo (k ndogo inamaanisha umbali mkubwa). Mwaka 2008 Shukla na wenzake wakajibu kwenye jarida la PNAS kwamba hakuna vikundi vya msawazo pale. Kilima kile kinaweza kutokea hata kama chembe zimejipanga tu kwa umbali fulani bila kushikana kuwa kikundi. Wewe mwenye simulesheni una bahati kubwa kuliko mtu wa maabara, unajua kila chembe iko wapi, kwahiyo huna sababu ya kubaki na kilima peke yake.

Fanya vyote viwili. S(k) unaipata kwa Python: kwa kila k unajumlisha e kipeo cha i mara k mara nafasi za chembe zote, unachukua ukubwa wake kipeo cha pili, unagawanya kwa idadi ya chembe, kisha wastani wa fremu nyingi. Angalizo, k zinazoruhusiwa ni zile tu za 2π gawanya kwa upande wa boksi mara namba kamili, kwenye boksi letu ndogo kabisa ni 0.243, usijipangie k zako katikati maana unapata takataka za kingo za boksi. Godfrin na wenzake mwaka 2014 walitoa kipimo cha vitendo, kilima cha k ndogo kikizidi kama 2.7 uwezekano ni mkubwa una majimaji ya vikundi. Halafu kutoka kwenye ile dump hesabu vikundi vya chembe 1, 2, 3 na kuendelea, chora idadi mara ukubwa. Ikiwa mstari unashuka tu moja kwa moja, ni chembe zilizotawanyika hata kama kilima kipo. Ukiona unashuka halafu unainuka kuwa na kilima cha pili kwenye ukubwa fulani, hapo sasa vikundi vina saizi vinavyoipenda. Na kama kuna kikundi kimoja kinachopita boksi zima kutoka upande mpaka upande, hiyo ni hali nyingine kabisa, usiiite majimaji ya vikundi.

Angalia pia kilima cha S(k) kiko wapi. Kikiwa kimeng'ang'ania kwenye ile k ya kwanza kabisa 0.243, na ukikuza boksi kinahama nacho, basi si vikundi, ni mfumo mzima unataka kutengana kuwa mvuke na kimiminika, msukumano wako ni dhaifu mno. Kilima cha vikundi kinakaa pale pale hata boksi likikua. Kwahiyo boksi la pili lenye 16 badala ya 12 kila upande, chembe 4096, si anasa. Fanya hata kama ni kwa joto moja tu.

Kwa matabaka na nguzo boksi ni shida zaidi. Matabaka yana umbali wanaoutaka wao kati ya moja na jingine, boksi lako likiwa si kizidisho cha umbali huo yanajipinda, yanakaa mshazari, au yanajibana na nishati inapanda. Jaribu maboksi ya saizi mbalimbali zinazokaribiana ulinganishe, na ukiona matabaka yamelala mshazari usifurahie kwamba umegundua kitu kipya, karibu kila mara ni boksi limebana. Kwa hizo ndo inabidi uingie kwenye nishati huru na integrali za thermodainamiki, kazi ndefu ambayo inataka makala yake.

Langevin niliyoweka kwenye faili inafaa kwa mpangilio, si kwa mwendo. Ile namba ya msuguano ukiibadilisha vikundi vya msawazo vinabaki vile vile, lakini kasi ya vikundi kutembea inabadilika yote, na kwenye maji ya kweli chembe moja ikisogea inasukuma maji yanayosogeza jirani yake, kitu ambacho humu hakimo. Mtu akitaka kujua majimaji yake yatakuwa mazito kiasi gani au kikundi kinaishi sekunde ngapi kabla ya kuvunjika, atahitaji njia zinazobeba na mwendo wa maji yenyewe, mfano ile ya kimiani ya Boltzmann (inayokokotoa mwendo wa maji kwenye gridi), na hapo laptopu ya core nne itaanza kweli kuelemewa.